Mpimeni kabla hajaanguka: barua ya wazi kwa wanaosimamia bima ya afya kwa wote

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, kwa wakuu wa mifuko ya bima ya afya, na kwa Waheshimiwa Wabunge,

Shikamooni.

Mimi ni mwalimu wa hisabati katika shule ya msingi wilayani Muheza, mkoa wa Tanga. Kadi ya bima ninayo. Kila mwezi nakatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri anaongeza 3 nyingine, na kadi hiyo inamhudumia mume wangu, watoto wetu watatu na mama yangu mzazi. Sina ugomvi nayo. Mwanangu wa pili alipolazwa siku sita kwa nimonia, nilitoka wodini nimemshika mkono na sijaombwa hata shilingi. Nawaandikia kwa ajili ya kaka yangu, ambaye kwenye kadi hiyo hakuwa na nafasi, na kwa ajili ya wengi wa namna yake ambao bado wako hai.

Kaka alikuwa seremala. Karakana yake ilikuwa kando ya barabara, bati nne juu ya nguzo, na vitanda vyake vya mninga mtavikuta katika nyumba nyingi za hapa kwetu. Kwa miaka mitano ninayoikumbuka vizuri alikwenda zahanati mara tatu: mara ya kwanza kidole kimekatwa na msumeno, mara ya pili malaria, mara ya tatu kikohozi cha vumbi la mbao. Mara zote tatu alitibiwa kilichompeleka akaruhusiwa. Hakuna aliyemfunga mkanda wa presha mkononi. Hiyo mara ya tatu nilikuwa naye mimi mwenyewe, na kwa kuwa nimezoea kumpeleka mama kliniki, nikamwomba muuguzi ampime. Akaniambia kwa upole, "Mwalimu, mashine ipo, betri ndiyo zimeisha. Tumeomba, hazijaja." Mashine ilikuwa mezani pale, imefunikwa kitambaa cheupe kilichofumwa pembeni. Betri nne ndogo, zile za rimoti. Sikwenda dukani kuzinunua. Duka lilikuwa ng'ambo ya barabara, nami nilikuwa na kipindi saa nne, nikasema tutarudi. Hatukurudi.

Miezi kumi na nne baadaye miguu yake ikavimba, akawa hawezi kupanda ngazi ya kuezekea, na akitapika asubuhi tukadhani ni tumbo. Hospitalini wakampima presha ikasoma 210 kwa 130. Daktari akarudia kupima mkono wa pili, akakaa kimya, kisha akaandika vipimo vya figo. Majibu yalipotoka alituita wawili ofisini, akatueleza kwamba presha ile haikuanza jana. Imekaa miaka ikiharibu mishipa midogo ya figo pole pole, bila maumivu, na sasa figo zote mbili zimechoka. Kaka alikuwa na miaka 46. Aliuliza swali moja tu: "Dokta, mbona sikuumwa?"

Kuanzia hapo ni kusafishwa damu. Waheshimiwa mnajua inavyokuwa, lakini wapo watakaosoma barua hii hawajawahi kuona. Mgonjwa anakaa kwenye kiti saa nne, mara tatu kwa wiki, damu yake inatoka kwenye bomba la shingoni, inazunguka kwenye mashine, inarudi. Akikosa, sumu na maji vinamjaa. Tulimhamishia Dar es Salaam, tukampangia chumba Mabibo, shemeji yangu akaacha genge lake akaenda kumuuguza. Tulilipa shilingi laki mbili kwa kila mara. Fedha mbele, huduma baadaye, na siielewi vibaya hospitali kwa hilo, kwani na wao dawa na vichujio wananunua.

Risiti ninazo, nimezihifadhi kwenye kopo la biskuti. Ziko 73. Miezi mitatu ya kwanza tulimudu mara tatu kwa wiki. Mashine ya randa ikauzwa, kisha mbao, kisha kiwanja. Miezi mitatu iliyofuata ikawa mara mbili kwa wiki. Miezi miwili ya mwisho ikawa mara moja, na kila mmoja wetu alijua maana yake ila hatukusemeshana. Alifariki alfajiri ya Alhamisi akiwa na zamu ya kusafishwa Ijumaa.

Risiti 73 mara laki mbili ni shilingi 14,600,000. Hapo sijaweka chumba, nauli, damu, vipimo, wala dawa za kuongeza damu. Sasa nifuateni kidogo, maana hii ndiyo kazi yangu. Mimi mwenyewe nina presha, niligunduliwa nikiwa na mimba ya tatu, na vidonge vyangu 30 vya mwezi nikikosa hospitali nanunua dukani kwa elfu tano. Kwa mwaka ni 60,000. Fedha tuliyoteketeza miezi minane kwa mtu mmoja, naye tukamzika, ingewanunulia watu 24 dawa ya presha kwa miaka 10. Wako wanaohitaji aina mbili za vidonge. Basi gawanyeni kwa mbili, wabaki watu 12. Bado ni watu 12, miaka 10, wakiwa kazini na wanalea watoto wao.

Mtaniambia kwamba kaka angekuwa na bima angelipiwa. Inawezekana. Sheria ya bima ya afya kwa wote mliijadili kwa muda mrefu, muswada ulisomwa Septemba 2022, ukazua maswali mengi mitaani, ukapita Novemba 2023. Niliufuatilia redioni nikiwa nasahihisha madaftari, na niliufurahia. Hata sasa naiunga mkono sheria ile. Lakini kwa mtu kama kaka, ambaye alionekana mzima mpaka siku ile, kadi ingefanya nini ile miaka ya mwanzo? Ingekaa kwenye mkoba. Ingeanza kufanya kazi siku ile ya 210 kwa 130, figo zikiwa zimekwisha, na kuanzia siku hiyo mfuko ungelipa laki mbili, mara tatu kwa wiki, hadi mwisho wake. Mfuko nao ungekuwa umeingia hasara ileile tuliyoingia sisi.

Hilo ndilo ninaloomba mlitazame. Nimekuwa nikisikia lalamiko moja kutoka kwenu, na ni la kweli: watu wanajiunga na bima wakishaugua. Mfuko wa Afya ya Jamii ulianzia Igunga mwaka 1996, ukasambaa nchi nzima, ukaboreshwa, kaya ya watu sita ikachangia shilingi 30,000 kwa mwaka, na bado wananchi wengi hawakuingia, au waliingia mwaka mmoja wakatoka. Toto Afya Kadi, ile bima ya watoto, ilikuwa shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka. Machi 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ukasitishwa, tukaambiwa wazazi wanasubiri mtoto augue ndipo wamwandikishe. Mimi sisemi wazazi wale walifanya vyema. Nasema walifanya kile ambacho kadi yenyewe iliwafundisha. Kadi isiyokupa chochote ukiwa na afya yako ni kadi ya wagonjwa, na mtu mwenye hesabu zake za unga na ada ya shule atainunua siku akiwa mgonjwa.

Mpeni mtu huyo kitu mkononi angali mzima. Akilipa mchango leo, wiki hii hii apimwe presha, sukari, mkojo na uzito, aambiwe hali yake na mtu anayemtazama usoni, aandikiwe kwenye kadi na tarehe ya kurudi. Anayekutwa sawa atarudi nyumbani ametulia, na mwakani atalipa tena maana ameona alichokilipia. Anayekutwa na tatizo ataanza dawa za elfu tano badala ya kiti cha laki mbili. Na kwa asiye na kadi kabisa, kipimo hicho kiwe bure, kama ilivyo kwa mama mjamzito.

Maana jambo hili tunalijua, tumelifanya, na tumelifanya vizuri. Mama mjamzito wa kijijini kabisa, asiye na bima wala shilingi, akienda kliniki anapimwa presha kila hudhurio. Ndivyo nilivyopona mimi. Kama nisingebeba mimba ile, labda kopo la risiti lingekuwa langu. Mtoto akizaliwa anapewa kadi ya kliniki, anapimwa uzito, mama anaonyeshwa mstari kama unapanda au unashuka, na chanjo zote hazilipiwi. Mtoto akishamaliza miaka mitano, kadi inafungwa. Kuanzia hapo msichana atasubiri mimba yake ya kwanza ndipo apimwe presha, na mvulana je? Mvulana hana kliniki. Kaka yangu alipimwa uzito mara ya mwisho akiwa mtoto, kwenye mizani ya kuning'inia, halafu akapimwa presha akiwa na miaka 46.

Shuleni kwetu niliwapanga mstari wasichana wangu wenyewe mwaka 2018, Aprili ile chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi ilipoanza kutolewa nchi nzima kwa wenye miaka 14. Baadaye, mwaka 2024, ikapanuliwa kwa wa miaka 9 hadi 14, na dozi ikawa moja. Wauguzi walikuja na vibaridi vyao vya chanjo, saa tano walikuwa wamemaliza, hakuna mzazi aliyelipa. Lakini mama zao hawa wasichana, chanjo ile imewapita. Kinachowafaa wao ni uchunguzi, na uchunguzi wenyewe muuguzi aliyefundishwa anaufanya kwa siki na taa: anapaka, anasubiri dakika chache, akiona doa jeupe anaweza kulitibu siku hiyo hiyo kabla halijawa saratani. Saratani hii ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na wengi wanaofika Ocean Road, hospitali ya saratani kule Dar es Salaam, wanafika imeshasambaa, wakati mionzi na dawa za gharama vinaweza kupunguza maumivu tu. Hapo napo naona hesabu ni ileile. Chupa ya siki.

Nirudi kwenye presha na sukari, maana ndiko moyo wangu uliko. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba katika watu wazima wa miaka 25 hadi 64, karibu robo wana shinikizo la juu la damu, na takribani 9 katika kila 100 wana kisukari. Nikiangalia walimu wenzangu 16 ofisini, hesabu inaniambia wanne wana presha. Wanaojijua ni wawili, mimi na mwalimu mkuu.

Na tatizo haliishii kwenye kipimo. Hata aliyekwisha kujijua anahangaika. Dawa ya presha ni ya kila siku maisha yote, lakini mara nyingi zahanati haina, mgonjwa anaambiwa aende kituo cha afya, kituoni anaambiwa hospitali ya wilaya, nauli ya pikipiki ni elfu sita kwenda na kurudi kufuata vidonge vya elfu tano. Akikosa miezi miwili anajiona yu mzima, anaacha. Madaktari wanamlaumu kwamba si mfuasi wa dawa. Wamlaumu, lakini na nauli ihesabiwe. Dawa hizi ziteremke hadi zahanati, na mgonjwa aliyetulia apewe za miezi mitatu kwa mkupuo, kama wenzetu wanaotumia dawa za virusi vya Ukimwi wanavyopewa. Utaratibu huo upo nchini, watumishi wanaujua, hauhitaji mshauri kutoka nje.

Lipo pia suala la namna mnavyolipa. Machi 2024, hospitali binafsi zilipokataa kitita kipya cha mafao cha Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, yaani orodha ya huduma na bei zinazolipwa, na kusimamisha huduma kwa wenye kadi, tulikaa roho juu sisi wote. Ubishi ule ulikuwa juu ya ada ya kumwona daktari na bei za dawa. Ni mambo ya haki kuyabishania. Ila mimi sikusikia, upande wa mfuko wala upande wa hospitali, mtu aliyeuliza hospitali inalipwa nini kwa mgonjwa wa presha ambaye mwaka mzima presha yake imekaa sawa. Hospitali inalipwa kwa kila huduma inayotoa. Mgonjwa akizidiwa, madai yanaongezeka. Asipozidiwa, hakuna fomu ya kujaza. Zahanati iliyowalinda watu wake 200 wasifike kwenye mashine haina pa kudai hata shilingi ya betri. Wekeni malipo kwa kazi hiyo. Mlipeni mganga wa zahanati kwa idadi ya watu aliowapima na waliotulia, na mtaona betri hazitaisha.

Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akitusimulia kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Alikuwa kijana. Walikaa vikundi vikundi chini ya mti, wakazunguka redio moja, wakasikiliza kuhusu malaria na kichocho na maji machafu, kisha wakajadiliana, wakainuka na majembe kwenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Watu wapatao milioni mbili walishiriki nchi nzima. Nchi ilikuwa na madaktari wachache na fedha kidogo kuliko leo, na pengine ndiyo maana walijua kwamba hawawezi kuyasubiri maradhi hospitalini. Magonjwa ya sasa hayafukiwi kwa jembe, lakini watu wa kuyafuata nyumba kwa nyumba mnao. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, zaidi ya 137,000 kwa miaka mitano. Mhudumu wetu wa kijiji ni binti mchapakazi, anajua kila nyumba, anajua nani ana mimba na nani hajamaliza dozi ya kifua kikuu. Mpeni mashine ya presha na kipimo cha sukari, na betri za akiba. Hamtapata kijana wa kuwatafutia wagonjwa wenu mapema kwa gharama ndogo kuliko huyo.

Fedha itatoka wapi? Sheria imeshataja vyanzo vya kuwagharamia wasio na uwezo, ikiwamo sehemu ya ushuru wa soda, pombe na michezo ya kubahatisha. Naomba fungu lake litengwe kwa vipimo na dawa za awali, liandikwe wazi, na kila mwaka mtutangazie limetumikaje, wilaya kwa wilaya. Likiachwa ndani ya kapu moja na matibabu makubwa, matibabu makubwa yatalimaliza, kwa sababu mgonjwa aliye mahututi ana sauti, na anayeharibika figo kimya kimya hana. Nami siwaombi mumnyang'anye aliye kwenye kiti cha kusafishwa damu. Nimekaa pembeni ya kiti kile mara nyingi mno kuweza kuomba hivyo. Naomba muwapunguze wanaokuja kukikalia.

Tangu tumzike kaka, nilinunua mashine yangu ya presha. Jumamosi asubuhi naipeleka kule karakana, ambayo sasa inaendeshwa na vijana aliowafundisha kazi. Mimi si muuguzi, muuguzi wa zahanati ndiye alinielekeza jinsi ya kumkalisha mtu dakika tano, miguu chini, mkono juu ya meza, na asiongee. Wanapanga foleni na vumbi la mbao kwenye nyusi, wananitania mwalimu amegeuka daktari. Jumamosi iliyopita nilimpima kijana wa miaka 31, yule anayechonga maua kwenye vichwa vya vitanda. Ikasoma 178 kwa 110. Nikamkalisha tena, nikarudia: 174 kwa 108. Akatabasamu akaniambia, "Dada, mbona sisikii chochote?"

Nimemwandikia namba zile kwenye karatasi ya daftari, na tarehe. Hana bima. Jumatatu asubuhi atakwenda zahanati ileile, meza ileile. Nawaomba akute mashine inawaka, na dawa ziko kabatini.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa hisabati, Muheza